Shabu Niliyotia Kwenye Jakuzi la Hajja

Aliyeharibu ni mimi. Nasema mapema ili usijisumbue kukisia huko mbele, maana najua watu mkisoma habari za namna hii mnaanza kumtafuta mbaya wenu tangu mstari wa kwanza. Mbaya ndiye huyu anayeandika. Dereva, mtoto wa Tanga, niliyekaa Doha miaka saba nikarudi na mabegi mawili na boksi la viatu vya mtoto ambaye si wangu.

Viatu tutavifikia. Kaa kwanza nikueleze.

Familia niliyokuwa naiendesha ilikuwa na nyumba kubwa mjini na shamba Umm Salal, kaskazini ya mji, lenye mitende, mbuzi na nyumba ya kupumzikia. Kipindi cha baridi kila Alhamisi tulihamia shambani. Na usicheke nikisema baridi! Januari ya kule mtu wa Tanga anavaa masweta mawili na bado anatafuta jua kama mjusi.

Nyuma ya nyumba ya shamba palikuwa na jakuzi, hodhi la maji ya moto yanayotoa mapovu, la kukaa watu sita. Aliyelitumia alikuwa mmoja tu, Hajja, mama yake bosi. Magoti yalimsumbua, na daktari alimwambia maji ya moto yatamsaidia. Basi kila Alhamisi na Ijumaa aliingia mle na gauni lake refu la kuogea, akakaa saa nzima akiwasimulia habari za zamani mitende na mbuzi. Aliyemshika mkono kuingia na kutoka alikuwa Wakesho.

Wakesho alikuwa Mkenya, Mtaita wa Voi. Alifua, alipiga pasi, na alimtunza Hajja. Kwao alimwacha binti, Neema, kwa bibi yake, akiwa na miaka mitatu. Mwaka huo Neema alikuwa anaanza darasa la kwanza, na Wakesho alikuwa amekubaliwa likizo ili ampeleke shule siku ya kwanza yeye mwenyewe. Madam, mke wa bosi, ndiye aliyemkubalia.

Viatu vya shule alikuwa ameshanunua. Bibi alichora unyayo wa mtoto kwenye karatasi, karatasi ikaja Doha na mtu wa kwao, na mimi ndiye niliyempeleka dukani tukaanza kupima kiatu juu ya karatasi. Muuzaji alituona wendawazimu. Tulichagua vyeusi, vya mkanda. Nilimwambia kama anaona vyema avitangulize kwa msafiri wa Mombasa, akakataa. Alisema atamvalisha mwenyewe.

Na niseme na hili, maana nimeshaamua kusema. Nilikuwa na nia naye. Dada yangu Tanga alishajua. Wakesho mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nangoja arudi likizo nimweleze.

Sasa utaniuliza, dereva na jakuzi wapi na wapi?

Fundi wa lile jakuzi alikuwa Mnepali mmoja mpole, aliyekuja kila Jumanne. Mwezi wa Desemba akaenda kwao miezi miwili. Bosi alitukusanya uani akauliza nani anaweza kushika kazi ile kwa muda. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia maji nayajua, kwetu Tanga tumezaliwa pembeni ya bahari. Utadhani bahari ina mtu anayeitia dawa! Lakini Wakesho alikuwa amesimama pale na beseni la nguo kiunoni, na mimi domo langu halijawahi kutulia mbele yake.

Mnepali alinifundisha nusu saa. Unachovya kijikaratasi kwenye maji, kinabadilika rangi, unalinganisha na rangi za kwenye kopo. Kikiwa cheupe, dawa imekwisha, unaongeza klorini. Chujio unaliosha kila wiki. Halafu akanishika bega akasema jambo moja kwa Kiarabu chetu kile cha kuokoteza, taratibu kabisa. Umeme ukikatika pampu inasimama na maji yanakufa. Ukikatika siku moja na zaidi nisijaribu kuyaponya. Nimwage yote, nisugue hodhi, nijaze mapya.

Aliniuliza kama nimeelewa. Nikamjibu mafi mushkila.

Aliyefika Ghuba analijua neno hilo, maana yake hakuna tatizo. Unajifunza kulisema kabla hujajua kuomba maji ya kunywa. Gari linagonga gonga? Mafi mushkila. Njia ya hospitali unaijua? Huijui hata kidogo, lakini mafi mushkila, utauliza mbele. Miaka yote niliyokuwa nimekaa pale sikuwa nimemwambia mtu hata mara moja kwamba kitu fulani sikijui. Nilijiona hodari.

Basi ikaja mvua. Doha mvua ni kama sikukuu iliyokosea siku, barabara zinajaa maji, watu wanatoka nje kupiga picha. Ilianza Jumapili na upepo wa vumbi, kisha radi, na adhuhuri shamba zima likawa halina umeme. Bosi na Madam walikuwa wamesafiri. Hajja na Wakesho walikuwa nyumba ya mjini. Mimi niliachwa shambani kuangalia mbuzi na jakuzi.

Niliangalia mbuzi. Nikawawekea majani ya kutosha, nikafunga geti, nikaenda Al Rayyan kwa wenzangu Watanzania waliokuwa wamepanga chumba. Wao umeme ulikuwepo. Palikuwa na pilau, palikuwa na mpira, palikuwa na wa Unguja wawili wanaojua kusimulia. Madam akapiga simu kutoka huko alikokuwa, akauliza shamba likoje. Nikatoka nje ya mlango ili kelele zisisikike, nikamwambia niko hapa hapa na hakuna tatizo.

Nilirudi Jumatano asubuhi. Taa ya getini ilikuwa inawaka, moyo ukatulia. Nikazunguka nyuma. Kimya. Umeme ulikuwa umerudi lakini swichi ya jakuzi ilijizima siku ile ya radi na hakukuwa na mtu wa kuiwasha. Kifuniko kilikuwa kimepeperuka hadi kwenye uzio. Maji yalikuwa ya kahawia kwa vumbi, ya baridi, na nilipopitisha kidole ukingoni kiliteleza. Yalinuka kama chombo cha maua kilichosahauliwa. Nikachovya kijikaratasi. Kikatoka cheupe vilevile kilivyoingia.

Kumwaga! Ndiyo, nilikumbuka. Lakini shamba lile maji yaliletwa na lori, na lori liliitwa na bosi. Bosi angeuliza kwa nini, na kwa nini ingefuatiwa na ulikuwa wapi. Halafu hodhi lile likijazwa upya huchukua siku nzima kupata moto, na Hajja alikuwa anakuja kesho yake baada ya alasiri.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu. Kwetu maji ya mto yakija na tope mama alikuwa anatia shabu, lile jiwe jeupe, anakoroga, anaacha. Ukirudi tope lote limekaa chini, juu maji unaona hadi kitako cha ndoo. Kule Doha shabu iko tele, wanaume wanajipaka baada ya kunyoa. Nikaenda duka la karibu nikachukua mawe yote waliyokuwa nayo, nikayatwanga, nikamwaga ndani, nikakoroga kwa mpini wa fagio. Alasiri maji yalikuwa yanang'aa kama kioo! Tope nikalifyonza kwa mpira. Nilicheka peke yangu, nikasema yule Mnepali na vijikaratasi vyake angekuja kusoma kwetu.

Klorini je? Kopo lilikuwepo, nusu. Ila Hajja siku zote alilalamika kwamba harufu yake inamkohoza. Nikaona nimpumzishe. Badala yake nikamimina chupa mbili za maji ya waridi. Mama alikuwa anachemsha yale maji ya shabu kabla hatujanywa, na hilo nililikumbuka baadaye sana.

Alhamisi kabla ya adhuhuri maji yalikuwa ya moto vizuri. Sasa mtu mwangalifu si hujaribu kwanza? Nikajifunga kikoi changu nikaingia mle, nikakaa saa nzima, miguu nimenyoosha, mapovu yananikanda mgongo. Nikajiona mie ndiye mwenye shamba. Nikatoka, nikaanua kikoi baadaye kikiwa kikavu, nikakitupa kwenye kapu la nguo chafu.

Hajja alifika, akaingia, akafumba macho. Akasema tangu jakuzi lile lijengwe hajapata maji matamu kiasi kile, akauliza nimefanya nini. Nikamwambia ni siri ya Tanga. Ijumaa akaingia tena. Wakesho alikuwa pembeni na taulo, akanitazama, nikampa lile tabasamu la mtu anayejua kazi.

Jumamosi Hajja aliamka na vipele. Vyekundu, vingine vina usaha nchani, vimemjaa tumboni, mapajani, mgongoni, pale pote lilipombana gauni la kuogea. Nilikuwa namsikia akiugua ndani. Nilikuwa namsikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama ukutani, najikuna mgongo kwenye kona ya mlango. Maana na mimi vilinitoka! Kiunoni, pande zote, pale lilipokuwa pindo la kikoi.

Nikampeleka hospitali. Mimi naendesha, yeye nyuma analalamika, na kila taa nyekundu mimi nashukuru Mungu napata sekunde za kujikuna. Daktari alimuuliza kama aliingia kwenye maji ya moto siku za karibuni. Hajja akamjibu ndiyo, na kwamba yalikuwa masafi kuliko siku zote, dereva wake ana mkono wa baraka. Basi daktari akasema pengine ni sabuni ya nguo, akampa dawa ya kupaka. Nilikuwa pale, nimeshika mkoba wake. 

Jioni ile Madam akarudi safari. Akavitazama vipele, akasikia neno sabuni, akaenda moja kwa moja chumba cha kufulia. Ni kweli wiki ile kulikuwa na sabuni mpya, ile ya kawaida iliisha dukani. Na aliyeinunua alikuwa nani? Mimi, dereva! Wakesho akamwambia Madam kwamba yeye mwenyewe anafulia sabuni hiyo hiyo na hana hata kipele kimoja. Madam akamjibu ngozi yake na ya Hajja hazifanani. Akasema bila shaka hasuuzi vizuri, mawazo yake yameshatangulia Kenya.

Kisha Madam akanigeukia mimi. Wakesho akageuka pia.

"Na maji ya jakuzi yalikuwa sawa?"

Tumbo lilikuwa linaniwaka chini ya shati. Mikono nilikuwa nimeifunga nyuma ili isijipeleke yenyewe.

"Mafi mushkila, Madam."

Basi. Nilijibu hivyo tu, kwa heshima, kama kawaida yangu. Madam akatoa hukumu palepale. Likizo imesimama. Nguo zote za Hajja, mashuka, mataulo, mito, zichemshwe na kufuliwa upya kwa mikono, na Wakesho haondoki mpaka Madam ahakikishe amejifunza. Kipindi kile kutoka nchini ulihitaji ruhusa ya aliyekuleta, kwa hiyo hapakuwa na la kubishana. Shule za Kenya zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku tisa.

Vipele vya Hajja vilikauka vyenyewe ndani ya wiki. Vyangu vilikawia, kwa kuwa nilivikuna. Nilinunua ile dawa ya maji ya pinki, kalamini, nikajipaka kwa siri bafuni. Jakuzi nililimwaga kimyakimya nikajaza upya, lori nililiita mwenyewe kwa kisingizio cha kunywesha mitende. Unaona? Kumbe iliwezekana!

Siku shule zilipofunguliwa Wakesho aliomba simu yangu, yake ilikuwa imeisha salio. Nikampa nikasogea mbali kidogo. Alimwuliza bibi nani amempeleka. Alimwuliza mtoto amevaa nini miguuni. Bibi alisema ndala, maana si waliambiwa viatu vinakuja. Akasema sawa mama, akanirudishia simu, akaendelea kuanika.

Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa, na mama yangu Tanga atakula nini. Nikajiambia likizo imeshapita, nikisema sasa itasaidia nini. Nilikuwa na majibu mengi sana kwa mtu ambaye hakuwa ameulizwa.

Mwisho wa Februari Mnepali akarudi. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua chujio, na kumbe mimi nililiosha kwa nje tu. Ndani lilikuwa limejaa ute mweupe mzito wa shabu. Akaunusa. Akanitazama usoni, akaanza kujidonoa donoa tumboni kwa ncha ya kidole, vipele, vipele, huku ananyanyua nyusi kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza nani mwingine. Nikamwambia Hajja. Akauliza kama wanajua. Akanipa mpaka jioni niseme mwenyewe, la sivyo atasema yeye.

Nilimwambia Hajja ndani ya gari, tumesimama getini, nikiwa nimeshapanga mabegi yangu kichwani. Nilimwambia yote, mpira, pilau, shabu, waridi, kikoi. Unajua alifanya nini? Alicheka! Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Akaniambia hata marehemu mumewe hakuwahi kuingia kwenye jakuzi lake, nimekuwa mimi. Nikaanza kucheka na mimi, kwa uoga.

Kisha akairudisha miwani usoni.

"Na Wakesho?"

Nikatazama usukani. Hajja akafungua mlango wa gari peke yake, na magoti yale, akaingia ndani bila kunisubiri nimshike mkono. Wiki haikuisha, ruhusa ya Wakesho ikatoka. Mimi sikufukuzwa. Nilikatazwa kugusa jakuzi, nikaendelea na kazi yangu miaka mingine minne. Ile adhabu niliyoiogopa miezi miwili ilikuwa hiyo tu.

Nilimpeleka Wakesho uwanja wa ndege. Nilikuwa nimepanga maneno, ya msamaha na yale mengine ya nia yangu, nikidhani naweza kuyasema kwa safari moja. Nilipoanza, akanizuia.

"Najua, Mtanga. Kikoi chako kilinukia waridi. Alhamisi hiyo hiyo nilijua umeingia mle."

Jamani! Anayefua nguo za nyumba nzima mimi nilidhani hajui nini? Kikoi chenye waridi, na baada ya hapo mashati yenye madoa ya pinki, kila wiki, na yeye anayasugua kwa mikono ileile aliyokuwa anachemshia mashuka ya Hajja. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ungefukuzwa, na una mama. Nilijua utasema mwenyewe. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo atasema."

Akafungua begi, akatoa lile boksi. Alisema Neema amekua, bibi alichora unyayo mwingine na umepita kiatu kwa kidole kizima. Akaniwekea boksi kwenye kiti alichokuwa amekalia, akasema nimtafutie mtoto vitakayemtosha. Akachukua begi lake akaingia ndani. Hakurudi kwa familia ile. Nilisikia alipata kazi Mombasa, nikasikia na kwamba ameolewa, na namba yangu haipokei.

Basi wewe uliye Doha, au Maskati, au popote unapokula jasho la nyumba ya mtu: umeme ukikatika mwaga maji. Usiyapambe. Maji yakionekana hadi chini hujajua bado kama yana nini. Na kama jambo hulijui sema hulijui, mdomo hautaoza. Na ukiulizwa swali huku mwenzio amesimama pale akilaumiwa kwa ajili yako, nakuomba, lijibu siku hiyo hiyo, hata kama tumbo linakuwasha.

Mimi nimesharudi Tanga. Boksi liko chini ya kitanda, sijapata mtoto wa kumpa, au tuseme sijamtafuta. Juzi mpwa wangu alikuwa anatafuta mpira wake akalivuta, akafungua, akavishika viatu kwa mikanda yake akaniuliza, "Mjomba, hivi ni vya nani?"

Nikamwambia sijui.